Digrii Kumi za Mahajanga

Ndugu zangu wa barazani, tangu nirudi mmeniuliza "Ehe, Bukini vipi?" mara zisizo na idadi, na kila nikifungua kinywa mmoja wenu anadakia kuuliza kama nimekula kima. Sikula kima. Nimeamua kuandika, maana karatasi haina mtu wa kunikata kauli.

Safari yenyewe ilianza na simu ya dada yangu Rukia, ambaye mnajua ameolewa Mahajanga, kule Bukini kwa Wamalagasi, na Ahamada, dereva wa teksi, mtu wa asili ya Ngazija. "Kaka," akasema, "njoo na kile kidude chako cha setilaiti. Huku watu wanagombana juu ya kibla."

Msikiti mdogo wa mtaa wao ulikuwa unajengwa upya, mkubwa zaidi, na kamati ilikuwa imegawanyika. Wengine walisema kibla cha zamani kimepinda. Kibla hicho alikipima marehemu baba mkwe wake Rukia, Fundi Saidi, na mjane wake, Mama Zaliha, alikuwa bado yuko hai na anasikia kila neno. "Hali chakula vizuri," Rukia akaniambia. "Kila akisujudu anadhani watu wanamsema mumewe."

Mimi ni fundi wa redio na vyombo vya meli hapa Kilindini, na kidude cha GPS ninacho. Kuitwa nje ya nchi kama hakimu! Kichwa kilinivimba, sitaficha. Habari za tiketi na mihuri achaneni nazo, hazina ladha.

Nosy Be: siku nne badala ya moja

Ndege ilinishusha Nosy Be, kisiwa kidogo kaskazini ya Mahajanga, maana ile ya kwenda moja kwa moja Mahajanga ilikuwa imejaa. Rukia alisema nisihangaike, boti za mizigo zipo kila siku. "Kila siku" ya dada yangu mnaijua. Ndiye yule aliyesema atarudisha sufuria la mama "kesho", na sufuria liko Mahajanga mpaka leo, nimeliona kwa macho yangu.

Bandari iko Andoany, mji ambao wengi bado wanauita Hell-Ville. Boti nililoonyeshwa lilikuwa la injini, limejaa kreti za chupa tupu, na mwenye nalo alikuwa Nahodha Zafy, mfupi, amevaa kofia ya sufu katika joto lile. Nilimfikia Jumatatu. Akasema twende kesho. Kesho asubuhi nikamkuta amekaa, miguu juu ya kreti, anakula embe. Kumbe watu wa ukoo wake hawaanzi safari Jumanne. Ni mwiko, wao wanauita fady, na mwiko haubishaniwi. Nikamuuliza mbona jana alisema kesho. Akanijibu kwamba jana hakuwa ameitazama kesho ni siku gani.

Jumatano pampu ya maji ikafa, na fundi wake alikuwa amekwenda Andilana kutengeneza boti la watalii. Nikasema mimi pia ni fundi. Zafy akanitazama mikono, akasema tumngoje wa Andilana.

Nilingoja, na sikungoja na njaa. Wali wa nazi na samaki, mishikaki ya ng'ombe, achari ya embe inayotoa machozi. Katika mkahawa wa kwanza mwenye nyumba aliniletea, baada ya kula, bakuli la maji ya vuguvugu ya rangi ya kahawia. Nikasema hawa watu wana adabu, nikanawa mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko. Kumbe! Yale yalikuwa maji ya kunywa: humimina maji juu ya ukoko wa wali sufuriani, yakachemka, ndiyo kinywaji chao baada ya chakula. Waliponiletea bakuli la pili walisimama kunitazama nikinywa, na mpaka naondoka mjini nilikuwa nikisalimiwa na watu wanaojifanya wananawa.

Siku ya Alhamisi nilikwenda sokoni kukiwasha kidude, kwa sababu kinataka mbingu wazi. Na kwa kuwa nanyi mmeniuliza kinavyofanya kazi, nitawaeleza nilivyomweleza muuza matairi aliyenisogelea, anayejua Kiswahili kidogo cha Zanzibar. Chukulieni Mji wa Kale, alfajiri, misikiti minne. Waadhini wote wanaanza sekunde ile ile, na wewe unajua kila msikiti ulipo. Sauti ya msikiti wa karibu inakufikia mwanzo, ya mbali inachelewa. Ukipima kila moja imechelewa kiasi gani, utajua uko umbali gani na kila msikiti, na pale umbali wote unapokutana ndipo uliposimama. Setilaiti ndizo waadhini. Ziko ishirini na kitu, zinazunguka juu, kila moja ina saa isiyokosea na inatangaza saa yake na mahali pake. Kidude kinahitaji nne: tatu za kujua mahali, na ya nne ya kukirekebisha chenyewe, maana saa yake ni ya bei rahisi kama yangu. Wenye setilaiti ni jeshi la Marekani, na sisi raia, mpaka miaka hii ya tisini, wanatuchafulia mawimbi kusudi, tukosee hata mita mia. Lakini kwa mtu anayeitafuta Makka kutoka Bukini, mita mia si kitu.

Muuza matairi aliridhika. Mama mmoja muuza vanila hakuridhika, kwa sababu aliona antena akajua ni simu. Alikipokonya, akakiweka sikioni, akaanza kuzungumza na mwanawe aliye Reunion, kwa mapenzi makubwa, kwa muda mrefu, kuhusu mambo ambayo muuza matairi alikataa kunitafsiria. Kisha akanigeukia: mbona hajibu? Nikaeleza kwamba hiki kinasikiliza tu, hakisemi neno. Alikigeuza mkononi, akakitazama vizuri, akasema angekijua mapema angeolewa nacho. Akanipa vijiti vitatu vya vanila, bure.

Baharini: dira mgonjwa

Tuliondoka Ijumaa. Siku ya kwanza sina la kusimulia, nilikuwa nimelalia ubavu wa boti nikiwarudishia samaki wenzao. Nahodha Zafy alinihurumia mpaka saa sita, halafu akaanza kunihesabia kwa sauti.

Siku ya pili bahari ililala, tumbo likatulia, nikakiweka kidude juu ya paa la usukani. Tulizungumza kwa Kifaransa: chake cha melini, changu cha kuombea spana kwa mabaharia wa Kilindini. Alipokiona alicheka. Kumbe mwishoni mwa miaka ya sabini alifanya kazi kwenye meli ya kigeni iliyokuwa na mashine ya setilaiti, ya kizazi cha kwanza, kubwa kama friji. Setilaiti zenyewe zilikuwa chache, na baina ya moja na nyingine ungengoja saa nzima au zaidi. Ikipita, mashine husikiliza mlio wake unavyobadilika, kama honi ya lori linalokujia kisha likakupita, ikapiga hesabu yake taratibu, ikatoa mahali.

"Na lazima uiambie meli inakwenda mwendo gani," akasema. "Ukiidanganya mwendo, nayo inakudanganya mahali."

Siku moja ofisa aliingiza mwendo kinyume, nao wako karibu na pwani. Mashine ikawaweka nchi kavu, katikati ya mashamba. Mpishi akaomba meli isimame anunue mboga.

"Na baina ya setilaiti na setilaiti mlifanyaje?"

"Dira," akasema, akaipapasa ile yake ya zamani iliyo mbele ya usukani.

Hapo ndipo nilipoona jambo. Kidude changu kilisema tunakwenda mia mbili ishirini na tano. Dira yake ilisema mia mbili thelathini na tano. Nikangoja, nikatazama tena. Digrii kumi, hazipungui. Nikamwambia kwa upole wa daktari mwenye habari mbaya: "Nahodha, dira yako inaumwa. Chuma cha injini kimeiharibu."

Akaitazama dira. Akanitazama mimi.

"Haiumwi," akasema. "Ni ya huku."

Nikacheka kimoyomoyo, maskini mtu anaipenda dira yake kama mke mzee. Nikaandika katika daftari: dira ya boti mbovu, digrii kumi. Daftari ninalo, anayetaka kunicheka aje alitazame.

Mahajanga: hukumu

Tulifika Jumapili mchana. Rukia alikuwa gatini amenenepa, analia na kucheka, na Ahamada alinipokea mzigo akiniita shemeji kila baada ya maneno mawili. Nyumbani kulikuwa na pilau, nyama ya kusaga waliyoipika kihindi, na sufuria la mama.

Mama Zaliha alikuwa mwanamke mwembamba, mrefu, mwenye macho ya kukuuliza kabla hajafungua kinywa. Mtaani watu husema Kimalagasi. Yeye nyumbani ni Kingazija, na Kingazija chake na Kiswahili changu ni binamu: wanafahamiana, ila hawakai nyumba moja. Rukia alikaa katikati akitafsiri. Nikampa vanila. Akanusa, akazifunga kwenye pindo la shiramani, nguo yake ya kujitanda.

Aliniambia habari zote siku hiyo hiyo. Mwishoni mwa miaka ya sabini, baada ya vurugu dhidi ya Wangazija, jamaa zao wengi waliondoka Mahajanga. Waliobaki walikuwa wachache, na msikiti ule waliujenga kwa mikono yao. Fundi Saidi alikuwa akishika usukani wa boti za kwenda Ngazija. Alikuja na dira ya boti, akaiweka chini mchangani, akavuta uzi kufuata sindano, akasema ukuta wa ubavuni upite hapa.

"Marehemu alisema, sindano ndiyo kibla," akasema Mama Zaliha. "Msiongeze, msipunguze."

Nikatikisa kichwa kwa heshima. Nilidhani ni maneno mazuri tu ya watu wa zamani.

Kesho yake kamati nzima ilikusanyika kwenye msingi mpya, uliokuwa umefuata ukuta wa zamani. Nikakiwasha kidude. Kikasema Makka iko mia tatu hamsini, yaani kaskazini, kisha digrii kumi kushoto. Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo nilipojikwaa. Kidude kilichosimama kinajua uko wapi, na kinajua Makka iko upande gani wa dunia, lakini uso wako umeelekea wapi hakijui mpaka uende. Basi nikatoa dira yangu ndogo ya mfukoni. Ukuta wa marehemu ulifuata sindano sawasawa. Nikahesabu digrii kumi kushoto, nikavuta uzi wangu. Uzi na ukuta vikaachana kama mkasi uliofunguliwa.

"Kimepinda," nikatangaza. "Digrii kumi."

Sauti yangu ilinipendeza. Mwenyekiti wa kamati akanishika mkono. Ahamada alitazama chini, na Mama Zaliha, aliyekuwa nje ya ua na wanawake wenzake, akageuka akaenda zake.

Jioni alinipakulia chakula kama kawaida, kipande kikubwa kikawa changu. Ningependa angenitukana. Nilipomaliza ndipo akasema, na Rukia hakutaka kutafsiri, ila nilielewa peke yangu.

"Mwanangu, uzi ule ule ndio uliopima makaburi yetu. Naye tulimlaza kwa uzi wake mwenyewe. Je, amelala amepinda?"

Nikasema wanachuoni wamesema mtu akijitahidi Mungu hupokea.

"Sikuwauliza wanachuoni. Nimekuuliza wewe mwenye mashine."

Nililala na aibu, na sikujua hata ni aibu ya nini, maana niliamini nimesema kweli.

Teksi uwanjani

Asubuhi nyundo zilituamsha. Tulipofika, mafundi walikuwa wameshavunja pembe moja ya msingi. Mama Zaliha alipita katikati ya wanaume, akasimama juu ya mawe, mafundi wakashusha nyundo wenyewe.

"Mashine imesema Makka wapi?" akaniuliza.

"Mia tatu hamsini, Mama."

"Imeonyesha ni huku, au ni huku?" Mkono wake ulitoka kwenye ukuta ukaenda kwenye uzi wangu.

"Hapana, aliyeonyesha ni mimi, kwa dira. Mashine haijui upande mpaka itembee."

"Basi mbona haijatembea?"

Watu wote wakanitazama. Jamani, nimetengeneza vyombo vya meli miaka kumi na tisa, na swali lile sikuwahi kujiuliza.

Kwa miguu isingefaa, kwa sababu kwa mawimbi yaliyochafuliwa mtu anayetembea polepole anapewa upande wa kubahatisha. Ilitakiwa mbio. Nyuma ya msikiti kuna uwanja mrefu, mkavu, wanapochezea mpira na kufungia mbuzi. Tukachomeka miti kufuata uzi wangu mpaka mwisho wa uwanja, na mstari wa pili kufuata ukuta wa marehemu. Ahamada akaleta teksi yake. Mama Zaliha akafungua mlango wa mbele, akaingia, akasema mashine ataishika yeye. Akakitoa kidude nje ya dirisha kwa mkono ulionyooka, Rukia nyuma yake akichungulia kusoma namba, mimi nimebanwa kando na daftari.

"Nyoosha, Ahamada!" Mama akapiga kelele. "Usimkwepe mbuzi, atakwepa mwenyewe!"

Tulipita kwenye mstari wangu kwa kasi, vumbi likitufuata.

"Mia tatu arobaini," akasoma Rukia.

Nikasema amekosea. Tukageuza, tukarudia. Mia tatu arobaini na moja. Masikio yakaanza kuniwaka. Tukahamia mstari wa Fundi Saidi.

"Mia tatu arobaini na tisa," akasema Rukia. "Hamsini. Hamsini na moja. Hamsini. Kaka! Hamsini!"

Ahamada alisimamisha gari katikati ya mbuzi. Nami nikaisikia sauti ya Nahodha Zafy kana kwamba amekaa kiti cha nyuma: haiumwi, ni ya huku.

Nitawaambia, kisha mcheke mnavyotaka. Sindano ya dira haifuati kaskazini ya kweli. Inafuata sumaku ya dunia, na sumaku hiyo haivuti sawa kila mahali. Hapa Mombasa sindano na kaskazini karibu wanalala kitanda kimoja, na Makka yenyewe iko kaskazini yetu. Mtu wa Mombasa anafuata sindano, anaswali, anakwenda kunywa kahawa, hana haja ya kujua zaidi. Pwani ile ya Bukini sindano inalala kushoto kwa kaskazini, kama digrii kumi. Na Makka nayo, ukiwa Mahajanga, iko kushoto kwa kaskazini, digrii kumi. Sindano inaonyesha kibla, basi. Mimi nikaongeza kumi juu ya kumi. Fundi Saidi, aliyepita bahari ile maisha yake yote akizitazama nyota na dira pamoja, alijua, na alisema kwa maneno ambayo hata mimi ningeyaelewa kama ningesikiliza: msiongeze, msipunguze. Mashine yangu haikuwa na kosa. Nilikuwa nimeidanganya, ikanidanganya.

Baada ya swala ya alasiri nilisimama mbele ya kamati nikasema nimekosa, na kosa ni langu, si la marehemu wala la setilaiti. Mwenyekiti akauliza kama nina hakika mara hii. Mzee mmoja nyuma akasema tuwaulize mbuzi, wao walikuwepo. Wakacheka mpaka nikacheka nami. Siku mbili zilizofuata nilibeba mawe na kukoroga saruji mpaka ile pembe iliyovunjwa ikarudi mahali pake, na mikono yangu, aliyoidharau Nahodha Zafy, ilipata malengelenge ya haki.

Makaburini

Siku ya kuondoka, asubuhi, Mama Zaliha aliniambia tutembee. Makaburi yao yako ng'ambo ya ule uwanja, yamepangwa safu kwa safu, yote kwa uzi mmoja. La Fundi Saidi lina jiwe dogo lisilo na maandishi mengi. Nilikuwa nimekuja na kidude, lakini nikakirudisha mfukoni. Nikatoa ile dira ndogo, nikaiweka juu ya jiwe.

Sindano ilitikisika, ikazunguka, ikatulia. Ililikata kaburi kati kwa kati, ikaelekea kule unakoelekea uso wa marehemu.

Mama Zaliha aliinama akaitazama. Kisha akachuchumaa, akaondoa majani makavu juu ya kaburi, moja moja, kama mtu anayemnyooshea mwenzake shuka. Alikuwa akilia na kutabasamu.

"Lala, baba Ahamada," akasema. "Aliyepinda alikuwa mgeni."

Nikasema amina, kwa sauti.